Bibi Alipokaa Mdomoni mwa Duara

Basi la Mwanza lilipata pancha pale Samuye, na kondakta akatuomba wenye haraka tuvumilie. Mimi nilikuwa natoka Masumbwe, ninakoshona nguo siku hizi, na haraka sikuwa nayo. Nikashuka kunyoosha miguu. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa ameanika nsansa kwenye mkeka, yale majani ya kunde tunayoyachemsha na kuyakausha ili tuyale kiangazi, na harufu yake ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Ndugu yangu, mtu unaweza kujiona umekua, una cherehani na wateja, halafu majani makavu yakakurudisha utotoni bila hata kukuomba ruhusa. Nikavuka barabara kwenda kuutafuta mji wa Bibi.

Mji wenyewe haupo. Ua wa minyaa umebaki nusu, ghala limelala chini, na palipokuwa zizi mtu amepanda dengu. Nikasimama katikati ya dengu za watu, nikawa nahesabu kwa macho: hapa jiko, hapa kinu, hapa mlango wa Mjomba.

Nililelewa hapo. Mama alikuwa akifanya biashara ya mchele Kahama, mimi akaniacha kwa Bibi. Asubuhi tulikwenda lamboni kuchota maji, tukirudi tunakuta Bibi ameshatia mtama kinuni. Jioni tulikata viazi vya michembe, vile vipande tunavyovikausha juani, mpaka vidole vikanata utomvu. Usidhani Bibi alikuwa mpole kama bibi wa hadithini. Alikuwa mkali, mbishi, na akishaamua jambo hata ng'ombe walijua. Ukimwamkia "mwangaluka" kwa sauti ya uvivu, alikurudisha nje uingie upya.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wake. Nilimpenda kuliko watu wote. Ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli, ndiye aliyewapigia ng'ombe mluzi wakalima mstari ulionyooka. Mwaka mvua zilipogoma akaenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Mwanzoni alirudi na sukari, redio, na viatu vilivyong'aa. Baadaye alirudi na mgongo unaouma. Halafu akaanza kurudi mikono mitupu, amekonda, anajikuna pua na kusinzia akiwa amesimama. Kule kwenye duara, yaani shimo wanalochimba, mwenzake alikuwa amemwekea unga kwenye sigara na kumwambia ni dawa ya mgongo. Ilikuwa dawa kweli, kwa wiki chache.

Siku mvua za kwanza ziliponyesha, plau la jirani likatoweka. Lilikutwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jirani yule alikuwa mtu mwema, hakupiga kelele, alikaa tu kwenye kibaraza chetu akitazama mawingu. Bibi akampa plau letu na ng'ombe wetu, alime kwanza yeye. Sisi mwaka ule tulipanda tumechelewa, na njaa yake naikumbuka.

Hapo ndipo kila mtu akaja na dawa yake. Mganga akasema mizimu ya dhahabu imempenda Mjomba, ikataka mbuzi mweupe. Mbuzi akaliwa, Mjomba akabaki vilevile. Kanisani wakamwombea hadi wakatoka jasho, naye akalia kwa dhati kabisa, na keshokutwa yake vikombe vya chai vya kanisa havikuonekana. Mwisho Mjomba mkubwa, kaka yake, akasema mtoto huyu anataka kamba. Wakamfunga ghalani kwa kamba ya ng'ombe.

Hayo ndiyo tuliyoyajua. Ng'ombe akizoea kuingia mashamba ya watu unamfunga, akitulia unamfungua, na wazee waliona mtu hana tofauti. Lakini arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilimkamata humo ghalani. Alitapika, alitetemeka, aliharisha, alimwita mama yake kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo. Nilikuwa darasa la sita. Nilikaa nje ya ghala nimeziba masikio, na bado nilimsikia.

Aliyetuokoa alikuwa nesi wa zahanati, mgeni kutoka Tanga. Kwao alikuwa amewaona wengi. Alikuja bila kuitwa, akaagiza kamba ifunguliwe, akamnywesha Mjomba maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kisha akamweleza Bibi bila kumficha kwamba hapa kijijini hakuna tiba. Mjini kuna nyumba ambamo walevi wa unga hukaa pamoja wakiacha, ila zinalipiwa. Mwanza kuna hospitali inayotoa dawa ya kunywa, haina malipo, lakini mgonjwa lazima aende mwenyewe dirishani kila siku, anywe mbele ya muuguzi. Bibi akauliza kila siku mpaka lini. Nesi akasema huenda miaka. Bibi akatoa maganda ya karanga mbili tatu, halafu akasema basi mwanawe atahamia huko, kwa mdogo wake Bibi anayeuza mchele sokoni.

Jirani mwingine akamwambia anajisumbua, teja hafufuki. Bibi akajibu kwamba yeye hana mtoto anayeitwa teja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Bibi wa kwake aliujua kwa hasira.

Tukapanga safari. Asubuhi ya kuondoka kitanda cha Mjomba kilikuwa kitupu. Alikuwa amerudi Mwakitolyo.

Bibi hakulia. Alifunga michembe kwenye kitambaa, akaniambia nivae, tukapanda magari mawili hadi machimboni. Sijasahau vumbi la mahali pale. Karasha zilikuwa zinasaga mawe hata mtu hujisikii ukiongea, na vibanda vya turubai vilijaa kila upande. Mama lishe mmoja, aliyekuwa akimuuzia Mjomba ugali, akatuonyesha duara lake. Wachimbaji pale wakamwamkia Bibi vizuri sana, wakamwambia hawamjui mtu huyo. Wakati wanasema hivyo, kikohozi cha Mjomba kikatoka nyuma ya turubai.

Sasa, kule kwenye machimbo wanawake wapo. Wanapika, wanagonga mawe, wanauza maji. Lakini kwenye mdomo wa duara mwanamke hasogei. Wachimbaji wanaamini akikaribia, dhahabu inakimbia. Bibi aliyajua hayo, kila mtu Shinyanga anayajua. Akatandika kitenge pale pale mdomoni mwa duara, akaketi, akanyoosha miguu, akaanza kutafuna michembe.

Winchi ikasimama. Waliokuwa chini wakapanda mmoja mmoja, wakampita wameinamisha macho. Hakuna aliyethubutu kumgusa, maana alikuwa na umri wa mama zao. Wakampelekea kiti akae kivulini, akakataa. Wakampelekea soda. Soda akainywa, nusu akanipa mimi, na akabaki pale pale. Mwishowe mwenye duara akaja na pikipiki, mtu mzima mwenye kitambi, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama yangu, hapa hakai mwanamke. Dhahabu itakimbia."

"Ikimbie. Mimi nimemfuata mwanangu."

Yule bwana akaangalia shimo lake, akaangalia watu wake waliokaa bila kazi, akaangalia miguu ya Bibi. Akaamuru Mjomba aletwe. Wakamleta wamemshika kwapa, macho yamelegea, mguu mmoja hauna kiatu. Alipomwona Bibi akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama, niache tu. Mimi nimeshakufa."

"Wafu hawakohoi, ng'wanawane, mwanangu," Bibi akasema. "Tafuta kiatu chako twende."

Akakitafuta. Mwenye duara akamwomba Bibi atupie maji mdomoni mwa shimo, aondoe nuksi. Bibi akamwambia amfukuze kwanza yule anayewauzia vijana unga, kisha ndiyo waje Samuye wamwombe hayo maji. Kama walimfukuza sijui, ila kwetu hakuja mtu.

Siku iliyofuata Bibi alimpeleka Mwanza mwenyewe, akamshika mkono kwenye foleni hadi akameza kikombe cha kwanza. Nisikudanganye kwamba ikawa mteremko. Kuna kipindi Mjomba aliacha kwenda, na Bibi alipopata habari akapanda basi tena, akamtoa kijiweni kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Alipoanza tena hakuacha. Akajifunza kutengeneza baiskeli. Kila mavuno Bibi alimpa kondakta kifurushi cha michembe na nsansa, na simu ikilia jioni swali lake lilikuwa moja tu, kama leo amekunywa.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba dawa ile ilituchukulia Mjomba. Asingeweza kulala Samuye, kwa sababu asubuhi dirisha lilikuwa Mwanza. Harusi zilipita bila yeye, mavuno yakapita. Bibi alimpigania mwanawe hadi akampata, kisha akazeeka mbali naye. Hata siku moja sikumsikia akilalamika, lakini jioni alikaa akitazama barabara, na mimi niliumia kumwona.

Bibi alipofariki, Mjomba alikunywa kikombe chake, akapanda basi la kwanza, akatukuta tumeshalibeba jeneza. Akatupa udongo. Kabla ya chakula, kabla wazee hawajazungumza, akaniaga. Mjomba mkubwa akanung'unika mbele ya watu kwamba mtoto gani huyo asiyelala matangani kwa mama yake. Wazee wakatikisa kichwa. Hata mimi maneno yale yalinichoma, kwa sababu kwetu kuacha matanga ya mama ni jambo ambalo watu watakusimanga nalo mpaka uzeeni.

Nikamsindikiza barabarani. Basi likasimama, naye akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasita, uso umelowa. Akasema labda wazee wana haki, labda alale usiku huu tu, kesho haitamuua. Nikamwekea mikono miwili mgongoni nikamsukuma ndani kwa nguvu zangu zote.

"Panda, Mjomba. Hakukutoa kule ili uje ukae hapa."

Akapanda. Niliporudi msibani nikasemwa kwa kumwachia aondoke, nikakubali kusemwa.

Leo zizi ni shamba la dengu, lambo linakauka mapema, na nyumba niliyofunzwa kuamkia ndani yake imerudi kuwa udongo. Nilikaa pale muda, nikitafuta cha kuchukua, hata kipande cha chungu, nikakosa. Cha Bibi kilichobaki ni mtu mmoja Mwanza, mvi zimeanza kumtoka, ambaye asubuhi hii pia ameamka akaenda dirishani.