Kipande Kilichozikwa Mgombani

Daktari alinikabidhi mimi lile kopo kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiitikia "d'accord, docteur" kila alipotua kupumua. Nina licence, shahada ya chuo kikuu, ya falsafa. Katika ukoo wetu hiyo inatosha kukufanya mtaalamu wa matumbo.

Binti wa marehemu kaka yangu, miaka kumi na tisa, alikuwa amepasuliwa asubuhi hapa Baraka. Tumbo lilimvimba kwa wiki sita, majirani wakamhesabia miezi, hata mchumba wake wa Kazimia akatuma mtu kuuliza kwa adabu. Mimba haikuwepo. Daktari alitoa ovari moja iliyokuwa kubwa kama papai, akamwachia ya pili pamoja na kizazi. Kisha akanieleza polepole. Kuna uvimbe wa nadra unaoanza katika zile seli zinazotakiwa kuwa mayai ya mwanamke. Unawapata wasichana, unakua haraka. Dawa zinauweza, mara nyingi hata ukiwa umeanza kuenea, ila lazima ijulikane ni wa aina gani, na ijulikane upesi. Aina inasomwa kwa hadubini, Bukavu. Kipande cha kusomwa kilikuwa mle koponi, katika maji yanayochoma pua. Kilichobaki kilishakwenda tanuruni.

"Usipoteze," alisema.

Nilikwenda kutafuta gari la Uvira, njia ya Bukavu. Kulibeba kopo mbele za watu niliona haya, nikamwachia mama yangu nyumbani. Huko parking nilikutana na watu niliosoma nao, tukaitengeneza nchi kwa maneno saa mbili hivi. Niliporudi, kopo lilikuwa limeoshwa na kuanikwa juani.

"Mama, kile kitu kiko wapi?"

"Nilishazika."

"Ulizika?"

"Sasa njo ulitaka nifanye nini? Imbwa ikule mwili ya mutoto?"

Kwetu kinachotoka tumboni mwa mwanamke hakitupwi. Kondo la nyuma la kila mmoja wetu liko chini ya migomba ile ya uani. Mama alitenda sawasawa kabisa, na wimbo wa kanisa aliimba. Aliyekosea ni mwenye licence, ambaye hakuona haja ya kumweleza mama mzee jambo ambalo yeye mwenyewe alilielewa nusu.

Nilichukua jembe.

"Polepole! Ile haiko muhogo."

"Ni hapa?"

"Pale. Hapana, pale. Kwani iko nini, unachimba kama mwizi?"

"Mama, kama habasome ile kitu, docteur hatajua dawa gani atamupa. Mutoto anaweza kufa."

Neno hilo nilikuwa sijalitamka tangu asubuhi. Mama alipiga magoti, akanisukuma kwa bega, akafukua kwa mikono yake. Alikuwa amekifunga katika kipande cha kitenge chake kizuri.

Nilikimbia nacho hadi hospitali, mimi na kitambi changu. Daktari alikifungua, akakiosha, akakitazama muda mrefu, akakitia katika maji mapya. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

"Itasomeka," alisema. Baadaye akaongeza: "Labda."

Kesho yake nilikipakata mwenyewe hadi Bukavu, nikarudi kungoja. Wiki tatu nilitembea na ile labda. Nilikwenda ufukoni nikarudi bila kuona ziwa. Nilifungua vitabu nikavifunga. Mama alifua kitenge kile mara tatu, hakukivaa. Mgonjwa mwenyewe, na nyuzi zake tumboni, alikuwa akichambua maharage na kutuuliza tumepatwa na nini.

Simu ilipokuja, ilisema kimesomeka, na kwamba aina yake ni ya zile zinazotii dawa. Msichana alitundikiwa dawa Bukavu, duru baada ya duru, akatapika, akanyonyoka nywele, akarudi mwembamba kama ufito. Uvimbe haukuonekana tena. Kama atazaa, daktari alisema, ovari moja inatosha, ila tumpe muda.

Lakini ugonjwa ule huweza kurudi, na damu ndiyo inayowahi kusema. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa tunakwenda kupima. Yeye anakaa kwenye benchi na kumenya karanga. Mimi ninapima urefu wa baraza.

"Baba mudogo, kaa. Unachokesha bagonjwa."

Ninakaa. Mlango wa maabara unafunguliwa, anaitwa kwa jina lake, na ninayesimama kwanza ni mimi.