Busta ya Kaka Yangu

Mimi huuza spea za magari mjini Embu, na katika kazi hii sijawahi kumpata mteja anayekuja kuniambia gari lake linafanya nini. Wote huja na jina la ugonjwa. Mtu anaegemea kaunta, anakohoa, anasema anataka busta ya breki, na ukimuuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini alioa. Fundi amesema. Shemeji amesema. Ukimwambia alete gari tulione, anahamia duka la pili, ambako hawasumbui watu kwa maswali.

Mkubwa wa wateja hao ni kaka yangu. Anaishi Kanyakine, ni mzee wa kanisa, na ni mwenyekiti wa kila kamati yenye kiti. Alinunua gari kuukuu kwa mtu wa Karurumo, akalikagua mwenyewe kwa kupiga tairi teke na kusikiliza honi. Kazi kuu ya gari hilo ni kumleta mama yetu kliniki ya presha huku Embu. Kila mama akifika, presha iko juu, daktari anaongeza vidonge, na kaka anamhubiria ubaya wa chumvi njia nzima ya kurudi.

Baadaye gari nalo likaugua. Kaka alinipigia simu akasema pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na breki za nyuma zinashika, magurudumu yanapata moto hadi yananuka. Fundi wake wa nyumbani alizifungua, akazilegeza, zikashika tena. Akabadilisha busta, akaweka nyingine iliyong'olewa kwenye gari bovu, na pedali ikabaki ngumu vilevile. Wakakubaliana kwamba hiyo ya pili nayo imekufa. Kaka alishuku jicho la jirani.

Mimi sikucheka sana. Aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma ni mama, na gari lisilosimama halichagui abiria.

Siku ya kliniki iliyofuata niliwapeleka kaka na mama kwangu, mtaa wa Dallas hapa Embu, nikampa mama chai, kisha nikaingia kwenye gari. Kupima busta si uganga. Injini ikiwa imezimwa, unakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikaze. Unaacha mguu papo hapo, unawasha gari. Busta husaidia mguu kwa nguvu ya injini inayovuta hewa, kwa hiyo ikiwa nzima, pedali inashuka kidogo chini ya mguu wako. Ilishuka. Nikarudia, ikashuka tena.

“Busta ni nzima,” nikamwambia kaka.

“Hapa ni tambarare,” akasema. “Hii gari ni mjanja, ikifika kwa town inajifanya iko sawa. Na wewe kazi yako ni kuuza tu. Kuja kwa milima uone.”

Nikaenda. Mama alikaa nyuma na mfuko wake wa dawa, mimi nikakaa mbele kando ya kaka.

Tulipopita Chuka barabara ikaanza kushuka kuelekea mtoni. Kaka akatoa gia, akaurudisha ufunguo nyuma kidogo, na injini ikanyamaza. Gari likaendelea kuteremka, likiongeza mwendo, na sauti pekee ilikuwa ya upepo.

“Mbona umezima?”

“Petroli ni ya kupanda,” akasema, kwa upole wa mtu anayefundisha watoto wa kanisa. “Mteremko ni ya Mungu.”

Ningepaswa kujua. Sisi tumezaliwa milimani, na kwetu kuteremka na injini ikinguruma ni sawa na kumwaga maziwa. Baba zetu waliteremka hivyo na pikapu za ndizi, na wanaotusimulia ni wale waliofika.

Mkanyago wa kwanza ulikuwa mwepesi, kwa sababu busta ilikuwa na akiba kidogo ya nguvu ya injini. Wa pili ulikuwa mzito. Wa tatu, pedali ikagoma kabisa.

“Umeona?” alisema kwa furaha, na naapa ilikuwa furaha. “Si nilikwambia? Busta imekufa!”

Kisha akaivuta handibreki kwa nguvu zake zote, na harufu ya moto ikapanda kutoka nyuma. Ndipo nilipoyaelewa magonjwa yote mawili. Kaka yangu alikuwa akiiua busta kwa ufunguo, halafu akizichoma breki za nyuma kwa handibreki, mteremko baada ya mteremko, huku mama amekaa kiti cha nyuma, juu yazo.

Mbele yetu lori la ndizi lilikuwa likijikokota.

“Washa gari!” nikapiga kelele.

“Breki ni ya mguu,” akanijibu, mguu wenyewe ukisukuma pedali isiyoshuka. “Injini ni ya kwenda.”

Nikanyoosha mkono, nikauzungusha ufunguo. Injini ikawaka, pedali ikazama, gari likainamisha pua na kusimama karibu sana na lori hata niliona ndizi zipi zimeanza kuiva.

Kaka akapangusa jasho. “Umeona? Imerudi. Hiyo ni maombi.”

Nilimwambia maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasikia kwa dadake mdogo. Ningeendelea kama mama hangenikatiza.

“Wachana na yeye,” mama akasema. “Mimi akizima tu huwa najua. Naomba Mungu, kama ni kufa, atuchukue pamoja, nisimwache peke yake.”

“Na hukusema, mama?”

“Ningesema nini? Gari ni yake, na yeye ni mwanaume.”

Kaka akafungua mlango, akashuka, akasimama kando ya barabara akitazama migomba ya watu. Sikumhurumia. Nikahamia kwenye usukani. Mama akaniinamia sikioni.

“Endesha wewe,” akanong'ona. “Lakini tukikaribia nyumbani umpatie kiti chake, watu wasione.”

Hapo hasira ilinipanda zaidi kuliko nilipoliona lori. Nikamwambia, ndiyo, mama. Kaka aliporudi nikamwonyesha mlango wa nyuma. Tulipofika Kanyakine nilipita katikati ya soko polepole, madirisha yote wazi, na mwenyekiti akiwa kiti cha nyuma kando ya mama yake.