Beberu Aliyeletwa Mbele ya Mgeni

Mimi nina haraka, nimezaliwa nayo. Haraka hiyo ndiyo iliyonifikisha kijiji cha Mbaha asubuhi ile, kasha la barafu begani, na dereva wa lori la dagaa ameshaniambia saa sita anaondoka, niwepo nisiwepo.

Nilikuwa afisa mifugo, miaka ile serikali ilipoacha kugawa dawa na kila mwenye duka akajifanya daktari. Ndipo tukaletewa habari ya kipimo kipya. Unapitisha pamba puani mwa mbuzi, unaituma maabara Dar es Salaam ikiwa kwenye barafu, nao wataalamu wa huko wanatafuta vinasaba vya bakteria wa homa ya mapafu. Hata wakiwa wachache wanaonekana. Jamani, nilikipenda kipimo kile! Nilikihubiri vilabuni na nje ya makanisa mpaka watu wakanicheka.

Mama mmoja mjane alikuwa ameniita kwa sababu mbuzi wake walikuwa wakikohoa. Alikuwa nao tisa, na saba kati yao walikuwa mahari ya kitinda mimba wake wa kiume, aliyekuwa amechumbia. Kama ingekuwa homa ya mapafu, wasingeruhusiwa kutoka pale, maana wangekwenda kuua mbuzi wote wa wakwe.

"Shikamoo mama. Nataka mmoja nimpime."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza upumue."

Sikukaa. Akaingia ndani, mbuzi wanakolala, akanitolea beberu mnene, manyoya yanang'aa, kamba mpya shingoni. Nikampitishia pamba, nikafunga kasha, nikakimbilia lori.

Nani kwetu asiyejua kwamba mgeni haonyeshwi kibovu? Mama yangu mzazi alikuwa akificha kikombe chenye ufa akisikia hodi. Nilipaswa kuinama kwenye mlango ule mfupi na kuingia mwenyewe, nimchague anayekohoa. Zilikuwa hatua tatu tu. Nimestaafu sasa, sifugi hata njiwa, lakini mbuzi wa jirani akikohoa nasimama palepale na sufuria mkononi.

Majibu yakarudi: hakuna bakteria. Nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea kwa sauti, najivuna kweli.

"Wazima, mama. Peleka mahari."

Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaichomeka juu ya mlango.

Mbuzi saba wakaenda. Haukupita muda wakaanza kufa kule ukweni, wao na waliowakuta, kisha wa majirani. Wakwe wakasema wameletewa mauti badala ya mahari, wakamrudisha kijana. Binti yao, yule mchumba, akaozwa mtu mwingine huko Liuli.

Nilirudi na barafu nyingine. Safari hii niliinama, nikaingia. Kati ya wale wawili wa nyumbani alikuwa amebaki jike mmoja tu, amekonda, shingo ameinyoosha, kila pumzi anakoroma. Karatasi yangu ilikuwa bado juu ya mlango. Nilimpitishia pamba, ingawa majibu yake nilikuwa ninayo tayari.

Nilingoja anitukane. Wallahi ningeshukuru. Badala yake yule mama akakaa chini kando yangu, akanishika goti.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nawasikia wakikohoa kila siku. Lakini karatasi yako ilisema wazima, nikaona ni masikio yangu yamezeeka."