Ruta ya Chumba cha Uani

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka moyo unanizizima. Nakusimulia leo kwa sababu umeamua kuifanya kazi niliyoifanya mimi, ya kuwaunganishia watu mitandao majumbani.

Ilikuwa hapa hapa Dodoma, Chang'ombe, miaka ile biashara huria ilipokwisha kujaza vitu vya nje madukani, na watu wa kawaida wakaanza kuingiza intaneti nyumbani. Nilikuwa msichana, nimetoka Bahi kwa wazazi wangu wakulima wa mpunga, ufundi bado mbichi mikononi. Nikaitwa kwa Mzee Salimu, mfanyabiashara wa ngozi, asili yake Kondoa. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, haamki kitandani bila kushikwa. Binti yake, Zuhura, alikuwa muuguzi huko Maskati, na kila Ijumaa baada ya swala walizungumza kwa kompyuta wakitazamana. Zamani mzee alijikongoja hadi sebuleni kwa mwanawe mkubwa, Rajabu, kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao. Sasa hakuweza tena, na mawimbi hayakufika chumba cha uani alikolala. Kuta nene, ua mpana. Ndipo mdogo wake Rajabu, Idi, akanunua ruta ya pili.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilivuta waya kutoka ruta ya sebuleni, Rajabu mwenyewe hayupo, nikaupitisha chini ya paa la baraza, nikauchomeka kwenye ile mpya. Hiyo mpya nikaizuia isigawe anwani, zile namba za kutambulisha kila kifaa, maana ruta mbili zikigawa anwani katika nyumba moja, vifaa vinagongana na kila mtu anakosa. Nikajaribu, ikakubali. Nikaondoka nimefurahi.

Nisilolijua ni kwamba ndugu wale walikuwa hawajasemeshana tangu mama yao afariki. Rajabu alitaka mama azikwe Kondoa kwa wazee wake. Idi akamzika Dodoma kabla kaka yake hajarudi safarini.

Ijumaa iliyofuata Idi akanifuata mbio: mtandao haupo. Nilimkuta mzee ameegemezwa mito, kavaa kanzu safi na kofia, dada yake Bi Mwajuma anampepea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Hebu tazama hicho chombo kina nini. Zuhura ananisubiri."

Nikaufuata waya hadi sebuleni. Ncha yake ilikuwa inaning'inia, na Rajabu ameketi pembeni.

"Kaka, waya umechomoka."

"Haukuchomoka. Nimeuchomoa mimi. Mwambie aliyekuleta, akitaka kitu changu aje aniombe kwa mdomo wake."

Nikarudi uani, nikamsihi Idi aende akaombe tu. Akanikodolea macho. "Mimi? Nikampigie magoti yule?"

Basi nikawa navuka ua ule, huku nikisihi, kule nikisihi, na jua linasogea. Mwishowe Bi Mwajuma akaweka upepeo chini, akatoka, akasimama katikati ya ua.

"Rajabu! Idi! Baba yenu hana habari na waya wenu. Anataka kumwona mwanawe. Kama mna kesi ya kaburi la mama yenu, yeye mnamwadhibu kwa lipi?"

Hakupaza sauti mara ya pili. Alisimama tu pale, akilia bila kujifuta machozi. Rajabu akainuka, akauchomeka waya kwa mkono wake mwenyewe. Taa ya ruta ikawaka. Lakini Zuhura alikwisha kuingia zamu hospitalini.

Mzee alikaa akiitazama kompyuta mpaka alasiri. Kisha akaomba avuliwe kofia. "Ijumaa ijayo, inshallah," akasema. Hakuifikia.

Zuhura alifika akakuta kaburi bichi. Siku niliyokwenda kutoa pole alikuwa mkekani, kaka zake wawili mbele yake. Akawauliza jambo moja tu: "Baba aliniulizia?" Idi akalia, Rajabu akatoka nje. Nasikia siku hizi wanasalimiana. Zuhura hajarudi tena Dodoma.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiitwa kuunganisha nyumba, usianze na waya. Omba wote wanaoishi humo wakae nawe, uwasikie wakikubaliana kwa vinywa vyao, hata kama watakuona mmbea. Na wewe mwenyewe ukiwa na kinyongo na ndugu yako, mwendee mapema, wewe uliyekosewa au uliyekosa. Kinyongo mkikiacha ndani hakibaki chenu wawili. Kitamuumiza mtu asiyehusika, na huenda mtu huyo hana muda wa kuwangoja mpatane.

Haya, nenda. Mungu akulinde juu ya ngazi na mbele ya umeme, akupe mkono mwepesi na masikio mapana. Na mzazi yeyote anayemngoja mwanawe katika nyumba utakayoingia, Mungu akujalie umfikishie sauti ya mwana huyo angali anaweza kuisikia.