Baraza la Mbao Kando ya Bafu Letu

Jirani yangu alianza kwa kuleta nguzo. Mtu ana haki ya kuweka nguzo katika kiwanja chake, na mimi ni mtu wa kungoja nione. Lakini kesho yake nilipotoka kazini nilikuta zile nguzo zimesimamishwa karibu kabisa na ukuta wetu wa mabati, na mafundi wanapigilia mbao juu yake, usawa wa kiuno changu. Nikajua hapa kuna jambo. Nani anajenga sakafu hewani hapa Mangobo? Ardhi imemkosea nini?

Mimi ni mwanamke mshonaji. Ninaishi na mama katika nyumba aliyoacha baba, na baba naye aliachiwa na babake. Sisi ni Waislamu wa tangu zamani mjini hapa, na ua wetu haujawahi kuchunguliwa na mtu. Jirani ni mgeni. Ametoka Yanonge, huko mtoni, anauza samaki wa kukausha, na alipohamia alitusalimia kwa adabu nyingi mno. Adabu ya namna hiyo hunitia wasiwasi.

Baraza lilipokwisha nilipanda juu ya kiti, nikapima kwa macho. Mtu akisimama kwenye zile mbao, ukuta wetu unamfika kifuani. Na nyuma ya ukuta kuna nini? Bafu letu, ambalo halina paa, kama mabafu ya watu wengi hapa. Hapo ndipo mama huoga asubuhi kwa maji ya ndoo, ndipo hutawadha, kisha hukaa kwenye kigoda nje ya mlango wake akikausha miguu na kusemesha kuku. Mjane mtu mzima, mwenye magoti yasiyokunjika. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilisimama palepale juu ya kiti nikapaza sauti kuelekea kwa jirani, nikamwuliza kama kwao Yanonge wanawake huoga mbele ya wauza samaki. Hakunijibu. Nikaona kimya chake ni cha mtu aliyekamatwa.

Tangu jioni ile mama aliacha kutoka. Alianza kuoga chumbani, ndani ya beseni, na mimi nikawa mtu wa kumwaga maji. Nikimwuliza, anasema ni magoti. Kuku walikuja mlangoni kwake, wakasubiri, wakaenda zao. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mama alikuwa anaona haya kuonwa, na iliniuma sana kumwona mwanamke yule, aliyezoea jua la asubuhi, amekaa gizani kwa sababu ya mbao za mtu.

Halafu vikaja viti vya plastiki, vingi. Ikaja na friza. Nikajiambia jibu ni moja tu, ni nganda. Atauza bia juu ya vichwa vyetu, atafungua muziki wa kutikisa madirisha, na walevi watakojolea ukuta wetu huku mama anasali. Shoga yangu wa sokoni aliniambia huenda friza ni ya samaki. Nilimtazama vizuri. Alikuwa anamtetea kwa faida gani?

Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa. Akasema atatuita tukae, tuzungumze kijirani, na akasifu utulivu wa yule bwana. Nikatoka pale sina imani na mkuu wa mtaa pia. Kwa hiyo nilipanda pikipiki hadi komine, yaani serikali ya wilaya, kwenye ofisi inayoshughulikia ujenzi, nikamkuta mpimaji mmoja amekaa nyuma ya meza yake. Alinisikiliza, kisha akanieleza kwamba kibali kinatakiwa kwa matofali na saruji, na mbao ni kitu cha muda. Nikamwuliza kama macho ya jirani nayo ni ya muda. Akacheka, na baada ya kucheka akakumbuka kazi yake. Akasema kuna sharti jingine: anayeinua mahali pa kusimama lazima aache nafasi kati yake na mpaka wa jirani, iwe kwa mbao, iwe kwa matofali. Hilo atakuja kulipima.

Alikuja na utepe wake, mkuu wa mtaa akiwa naye. Majirani wengine walijisogeza, kama kawaida yao. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango wake, ambapo angeweza kusikia kila neno. Kwanza jiwe la mpaka halikuonekana, na jirani mwenyewe ndiye aliyechuchumaa akalifukua kwa mikono. Hilo lilinipa shaka zaidi. Mwenye kosa gani anamsaidia mtu wa kumpima? Lakini utepe haukumpendelea. Baraza lilikuwa limekaribia mpaka kupita kiasi, na mpimaji akasema ama lirudishwe nyuma, ama litolewe.

Jirani hakubishana. Alieleza polepole kwamba kwao mtoni sakafu huinuliwa kwa ajili ya maji, na mvua ikinyesha ua wake huu hujaa hadi samaki wanaowakausha wanalowa. Viti anawakodishia watu wa matanga. Friza nayo ilikuwa ya samaki wabichi wanaongoja kukaushwa, alisema, na sikumtazama shoga yangu aliyekuwa amesimama pale. Kisha akanigeukia mimi, akimwonyesha mke wake kwa kidole.

"Mama, mi sikujenga bila kuuliza. Bibi yangu alileta samaki kwa mama muzee, akamwambia ni ya barza. Mama muzee akapokea, akakula. Kwetu, mutu akikatala, anarudisha samaki. Yeye hakurudisha. Bon, mi nikajenga."

Nikacheka kwa sauti ili wote wasikie. Nilikumbuka yule samaki, nami nilimla. Lakini kwetu jirani akileta chakula unapokea, na kumrudishia mtu chakula chake ni kumtukana. Mama angepokea sahani hata kwa adui. Nikawauliza wote pale tangu lini samaki amekuwa kibali cha kujenga. Mpimaji akasema samaki haiko document, na watu wakacheka pamoja nami. Jirani hakucheka. Alitazama pazia la mama, na mke wake akalitazama pia, kwa muda mrefu, kana kwamba kuna mtu atatoka kusema neno. Pazia halikutikisika.

Alilibomoa mwenyewe, ubao kwa ubao, akiokota misumari. Nilisimama uani nikisikiliza kila ubao ukianguka, na nilifurahi, sina sababu ya kuficha. Ulipoanguka wa mwisho nikaingia kwa mama, nikamwambia imekwisha, sasa anaweza kuoga nje.

Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Ule mwanamuke aliniambia yote," alisema. "Aliniambia barza, akaniambia atatia mukeka pale ku douche, pa kuogea, watu wasione. Nikamwambia mujenge. Mi niko naketi hapa na kuku tu, kutwa muzima. Nikasema nitapata mutu wa kunisalimia."

Nikamwuliza kwa nini basi alijificha.

"Nilikula samaki ya watu, na wewe ukawatukana juu ya kiti. Ningetoka na uso gani?"

"Na leo mbona umenyamaza?"

"Ningesema, ningekuhaibisha wewe mbele ya chef ya mtaa. Nikanyamaza, nikawahaibisha wao."

Nilichukua beseni lake nikaenda kumwaga maji. Kwanza nilimshuku hata yeye, nikafikiri labda yule mwanamke alimlainisha kwa maneno matamu. Na kuhusu kipimo bado nasema sikukosea, sharti ni sharti. Lakini siku zikapita, baraza halipo, ukuta wetu hauna jicho la mtu, na mama bado anaoga katika beseni. Bado namwaga maji yale, na kila ninapoyamwaga roho inaniuma.

Ijumaa moja nilipika pilau. Nilipika vizuri, kama ya Idi, nikaijaza sahani ya maua ya mama, nikaifunika kwa kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kubisha hodi upande wa pili. Mke wa jirani alifungua. Nikamwambia ni ya baraza. Wajenge tena, waache nafasi kidogo tu kutoka kwenye mpaka, waweke mkeka kama walivyoahidi, na mama atafurahi. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniuliza hali ya magoti ya mama. Nilirudi nyumbani moyo umetulia.

Kabla ya alasiri nilisikia hatua mlangoni. Nilipotoka hapakuwa na mtu, ila sahani imewekwa kizingitini, kitambaa kimeifunika vilevile nilivyoifunika. Nikakifunua. Hakuna punje iliyoguswa.

Mama aliuliza kutoka chumbani ni nani aliyekuja. Nikamwambia hakuna mtu.