Cherehani ya Mahari Yangu

Usinicheke kabla sijamaliza. Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu kule Mafubira, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Wapo wanaosema eti nilikuwa na homa. Wengine wanasema nilitunga ili nimwaibishe mume wangu. Kumwaibisha! Ningetaka kumwaibisha yule, ningehitaji msaada wa maiti?

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vile vilivyoiondoa serikali ya wanajeshi. Wa umri wangu wanajua Jinja ilivyokuwa: sabuni unaitafuta wiki nzima, sukari unaisikia kwa jina, vizuizi vya askari kila barabara, viwanda kimya. Mume wangu Yusufu, Msoga wa hapo hapo Mafubira, alikuwa karani kiwandani. Kiwanda kikafungwa, naye akabaki kukaa barazani. Aliyekuwa analisha nyumba ni mimi, kwa cherehani.

Ngoja nikueleze hiyo cherehani, maana ndiyo kisa chenyewe. Ilikuwa ya miguu, ina meza ya mbao na droo moja upande wa kulia, droo ambayo haikufunguka tangu niipate. Yusufu alipokuja kunioa kwetu Nakaloke, miezi michache baada ya vita, mahari yangu ilitajwa mbele ya mashahidi: cherehani moja. Nani alipata mahari kama hiyo miaka ile? Wenzangu walipewa msahafu na ahadi. Shangazi zangu walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Nilimwuliza Yusufu ameipata wapi, akasema kainunua kwa mtu aliyekuwa anaondoka. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Si ndiye mume niliyepewa?

Basi ikaja barua. Shule moja ya bweni kule Mbale ilikuwa inafunguliwa upya, na watoto walikuwa wanarudi na matambara mwilini. Walitaka fundi wa kushona sare. Chumba watatoa, chakula watatoa, mshahara wa mwezi kwa mwezi. Ila barua ilisema wazi: fundi aje na cherehani yake mwenyewe, kwa sababu za shule ziliporwa zote. Niliisoma mara nne. Cherehani ninayo, kazi ninayo! Na kutoka Mbale kwenda kwetu Nakaloke ni mwendo mfupi tu, mama yangu atamwona mjukuu wake.

Tukapata dereva aliyeleta vitunguu Jinja na kurudi Mbale tupu. Akaniambia, "Mama, roli inaondoka Jumamosi asubuhi. Msipokuwa tayari nawaacha, shauri yenu."

Hapo ndipo Yusufu alipoanza vituko. Mara tuuze cherehani, tutapata nyingine hukohuko Mbale. Mara askari wa vizuizini wataichukua. Nikamwambia, "Yusufu, ile ni mahari yangu, haina mjadala." Akavaa kofia akatoka. Siku zote za kufunga mizigo bwana huyo alikuwa na kofia kichwani na mguu mmoja nje.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa peke yangu na mwanangu wa miezi mitano, amelala mkekani. Umewahi kufunga nyumba nzima peke yako? Sufuria ndani ya sufuria, vikombe ndani ya nguo za mtoto, sigiri ya mkaa kwenye gunia lake ili masizi yasiharibu godoro, na kamba hamna, nasokota majani makavu ya migomba mpaka viganja vinawaka. Kwa desturi mtu akihama majirani huja kumsaidia kufunga. Siku ile hakutokea hata mmoja. Mvua, eti. Mjue basi kwamba nilikuwa nimeshakasirika kabla mgeni hajafika.

Baada ya adhuhuri nikasikia hodi. Nikaitikia bila kuinua kichwa. Akaingia mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga shuka la rangi kwa namna ya Wanubi, wale wajukuu wa askari waliotoka Sudani zamani. Akatoa salamu, akasema, "Nimesikia mnahama, mwanangu. Nimekuja kukusaidia kufunga."

Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa Kimaka, mtaa wa hapo Jinja, waliozaliwa karibu na kambi ya jeshi, kinateleza chenyewe. Mimi Kiswahili nilikipata kwa baba yangu, aliyekuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka wa Kenya, kwa hiyo tukaelewana vizuri. Nikasema karibu, Mungu amekuleta, majirani zangu wote wameyeyuka.

Alipovua ndala nikaona miguu yake. Nje maji yanatiririka, uwanja wote tope, na yeye miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, kavu, mpaka kwenye vifundo. Ningeuliza, lakini sikuuliza. Mtu umechoka, umepata wa kukushika mkono, utaanza kumkagua miguu?

Nikampa chai, akaiweka chini akasema ataikuta. Hakuigusa. Sufuria hakuzitazama, wala godoro. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Akatoa sindano, akaifunga kwenye kitambaa. Akalaza kichwa cha mashine taratibu, akalifunga gurudumu kwa tambara ili lisigongwegongwe njiani. Nilisimama namtazama mikono. Alijua kazi yule, wallahi, kunizidi mimi. Kisha akapitisha mkono chini ya meza, akasukuma kitu juu kwa kidole gumba, na ile droo ikatoka.

Kwa muda wote niliokaa na cherehani ile nilikuwa nimeivuta, nimeipiga, nimeitia kisu. Yeye ilimtokea mara moja tu. Ndani mlikuwa na vifungo, kipande cha chaki, na gauni la mtoto mchanga, jeupe, limeshonwa nusu, sindano bado imechomekwa kwenye pindo.

Akalikung'uta. Akaenda mpaka mkekani, akalipima juu ya mwanangu aliyelala, bila kumgusa. Akasema polepole, "Lingemtosha." Nikamnyakua mtoto wangu.

"Mama, wewe ni nani?"

Alilirudisha lile gauni drooni. Aliuliza, "Bwana wako alikwambia ameipata wapi cherehani hii?"

"Ni mahari yangu," nikasema. "Alinunua."

"Mahari ya mtu hutoka kwa mumewe, mwanangu. Haitoki kwangu."

Sasa nisikilize. Watu wakisimulia habari hizi husema walizimia, walipiga mayowe, walikimbia. Mimi niligomba. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu, nikamwita mwizi, nikamwambia kama ana dai aende kwa chifu, asije kwa mwanamke aliye peke yake na mtoto. Nina barua ya kazi, nikamwambia, na lori ni Jumamosi. Unataka mwanangu ale nini? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Nilimwambia bwana wako, nikirudi nitaichukua," akasema. "Nisiporudi, ampe mdogo wangu Salama, pale Kimaka. Niliiweka amana mkononi mwake. Muulize."

Nilikwenda mlangoni kumwita Yusufu, maana nilidhani hakosi kuwa kwa jirani anakwepa kazi. Niligeuza kichwa mara moja tu, niamini. Niliporudisha macho ndani, hakuna mtu. Ndala hakuna. Topeni uwanjani hapakuwa na unyayo hata mmoja. Na kwenye sakafu, pale aliposimama mbele ya cherehani, palibaki vumbi jekundu kavu. Nilishika kwa vidole.

Yusufu alirudi saa kumi. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Nani Salama wa Kimaka?"

"Mimi sijui Salama."

"Na hii cherehani?"

"Hiyo mashine iko yako. Nilinunua kwa pesa yangu. Wewe mwanamke kelele ya nini?"

Nikamwonyesha droo iliyo wazi, nikamwekea lile gauni magotini. Akasema "Banange," yaani jamani kwa lugha ya kwao, akakaa chini, kwenye lile vumbi. Ndipo akatapika yote. Mwenye cherehani alikuwa Bi Bakhita, fundi wa Kimaka. Asubuhi ile wanajeshi walipokuwa wanakimbia mji, na watu wameanza kuwawinda Wanubi nyumba kwa nyumba kwa makosa ya wengine, Bi Bakhita alimleta kijana wa mkokoteni na cherehani mpaka msikitini, kwa sababu Yusufu alikuwa mtu wa swala na hakuwa Mnubi, hakuna ambaye angempekua. Akamshika mkono akamwambia amana. Kisha akapanda lori la kwenda kaskazini na watoto wake wawili, mmoja wa kunyonya. Lori lile lilishambuliwa njiani. Hakufika mtu. Yusufu alipata habari mwezi haujaisha.

"Na mdogo wake?"

Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Yusufu, na mdogo wake?"

"Yupo," akasema. "Anashona kwa mkono. Anakaa nje ya nyumba yake anatia viraka nguo za watu."

"Umemwona?"

"Nampita nikienda kwenye shughuli zangu."

Anampita! Anampa na salamu, pengine! Mwanamke ana kilio cha dada na watoto, anajichoma vidole kwa sindano, na huyu bwana wa swala tano anampita huku cherehani ya marehemu ananipa mimi mahari, mbele ya mashahidi, mbele ya baba yangu! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Na sitajifanya malaika: usiku ule niliwaza kuipakia lorini na kwenda zangu. Nilijisemea nitafanya kazi mwaka mmoja, nitanunua nyingine, hii nitaituma. Kosa langu lilikuwa nini mimi? Lakini kila nilipowaza hivyo niliona nazungumza kama Yusufu, na hasira ikanirudi mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nikaazima mkokoteni. Nikamwambia mume wangu, "Sukuma." Mtoto mgongoni kwangu, gauni nimelikunja kwapani, tukatoka Mafubira mpaka Kimaka, watu wanatukodolea macho. Kizuizini askari akatusimamisha, akapapasa mbao.

"Mashine ya nani?"

Nikamwangalia Yusufu ajibu. Akatazama chini.

"Ya marehemu, afande," nikasema. "Tunairudisha kwa ndugu yake."

Askari alitutazama kwa zamu, akauliza, "Miaka hii watu wanarudisha?" Akafungua njia. Hakutuomba kitu.

Salama alikuwa amekaa ndani, mlango wazi. Sura ilikuwa ileile ya mgeni wangu wa jana, ila ya umri mdogo kidogo. Na karibu na dirisha, mahali palipo na mwanga, palikuwa pamefagiliwa, pameachwa wazi, na kiti kimewekwa. Vitu vyote vya chumba vilikuwa vimesogezwa upande mwingine.

"Iwekeni pale," akasema. "Jana mchana dada amekuja kuniambia inaletwa."

Yusufu akaanza kuomba radhi, akipiga magoti. Salama alimpita, akaja kwangu. Nilipompa lile gauni, alichomoa sindano kwenye pindo, akakaa, akaanza kulimalizia mbele yetu, machozi yanamtoka. Tukaondoka.

Jumamosi tulipanda lori bila cherehani. Ungedhani nitakuambia Mungu alinilipa. Mwalimu mkuu alinisikiliza kwa heshima, akasema pole mama, lakini barua ilisema. Kazi ya sare wakampa mwingine. Mimi nikapewa jiko, kusonga posho, yaani ugali, ya watoto mia kwa mwiko mkubwa kuliko mimi, moshi machoni kutwa. Nilisonga miaka mitatu. Kila siku ya miaka ile nilikuwa na hasira, na sikumficha Yusufu.

Mwaka wa nne Yusufu akapata kazi ya maana, akaweka akiba, akaniletea cherehani mpya. Akaiweka mbele ya baba yangu, akasema hii ndiyo mahari. Nikamwuliza mbele ya wote, "Ya nani?" Akasema, "Yako." Karatasi ya duka ninayo. Mwenye duka nilimwendea kwa miguu yangu nikamwuliza, akakiri kaiuza. Na hata hivyo mpaka leo, nywele zangu nyeupe, siwezi kukaa kushona kabla sijavuta droo nikaangalia ndani. Akiniletea khanga namwuliza. Akiniletea nyama ya sikukuu namwuliza. Bi Bakhita alidhulumiwa cherehani, akaja akaipata. Mimi nilichodhulumiwa sijui nikakidai wapi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uko mbioni kuhama, acha kamba kwanza. Pita nyumba yako kitu kimoja kimoja, umuulize uliyelala naye kila kimoja kilitoka kwa nani. Na kama ni wewe unayejua, unayempita mtu wa watu njiani ukimpa salamu huku kitu chake kimo nyumbani mwako, kipeleke leo. Usingoje mwenyewe aje kukusaidia kufunga mizigo.