Leseni ya Shemeji Breki

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimbatiza Breki kwa sababu neno hilo hakulisema bila kufoka. Mimi sikuwahi kumpenda. Nimekaa kwake miaka minne nikimfulia mashati, sina kwingine kwa kwenda, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Mwaka huu aligonga geti la zahanati saa tano asubuhi, amelewa chakari, na ubavuni mwa gari imeandikwa JIFUNZE KWA USALAMA. Mlinzi alipona kwa kurukia mtaroni. Hakimu alimfungia leseni mwaka mzima, akamwambia polepole, kama anayeongea na kiziwi, kwamba akishika usukani kabla mwaka haujaisha atakwenda jela na adhabu ya leseni itaongezwa. Breki akaitikia "Ndiyo, mheshimiwa" mara tatu. Jumatatu alikuwa kazini. Shule yenyewe ni yake, gari moja na meza moja, nani angemzuia? Eti mwalimu hukaa kiti cha abiria, haendeshi!

Nami nilikuwa najifunza kwake, leseni ya mwanafunzi ninayo. Siku ya sita nilizima gari mara mbili kwenye mwinuko. Mori ukampanda.

"Toka hapo! Utaniunguzia klachi!"

Akakaa yeye, akasukuma kiti nyuma kabisa kwa ajili ya miguu yake mirefu, tukaondoka.

Kabla ya mzunguko tukakuta foleni. Mbele askari walikuwa wanakagua gari moja moja. Jasho likamtoka Breki.

"Hamia huku, shem, upesi!"

Tukapishana humo humo ndani, goti lake likanigonga mbavu. Miaka kumi na mitano anawaimbia watu kwamba kwanza rekebisha kiti, na siku hiyo hata yeye hakukumbuka. Mimi nikaushika tu usukani.

Askari, mama wa makamo, akachungulia dirishani. Akatazama leseni yangu, kisha miguu yangu.

"Hebu kanyaga klachi, binti."

Nikanyoosha mguu mpaka nyonga ikauma. Haukufika.

"Sasa gari umelifikishaje hapa?"

"Mwambie unaendesha wewe," Breki akanong'ona, meno ameyauma.

"Nimemuuliza yeye," askari akasema. "Na ukidanganya, binti, kesi hii mtagawana."

Nikamfikiria dada na watoto wake. Nikaufikiria na mtaro ule wa zahanati. Niliogopa, na nilimchukia yule mwanamume kwa moyo wangu wote.

"Alikuwa anaendesha yeye," nikasema.

Miezi minne jela, na miaka miwili mingine bila leseni. Hakimu alikuwa yule yule, ila safari hii hakuongea polepole.

Dada alitangulia kutoka mahakamani. Nilipofika nyumbani nilikuta begi langu nje ya mlango, naye amesimama kando yake.

"Dada, wangenifunga na mimi."

"Wewe mwanafunzi, wangekufokea tu, yaishe. Kwani ungejivuta mbele kidogo ukakanyaga, ungepungukiwa nini?"

Alikuwa analia. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka pia kumzaba kibao. Nikainama nikachukua begi, na kabla sijafika barabarani nikasikia anafunga komeo.